Ubavu Unaohamia Puani

Katika sura ya pili ya Mwanzo, pua na ubavu vimetengwa na aya chache tu. Puani Mungu anapuliza pumzi ya uhai. Ubavu anautoa kwa mtu aliyelala usingizi mzito, kisha anaifunga nyama mahali pale. Watu wengi husoma hayo kama mambo mawili. Kwa daktari anayejenga pua upya ni kazi ya asubuhi moja: hulaza mtu, hufungua kifua, hukata gegedu la ubavu na kulisimamisha usoni.

Pua huanguka kwa njia nyingi. Ukoma hula ukuta wa kati hadi mgongo wa pua ukabonyea, saratani huondoa nusu yake, ajali huisaga. Na lipo panga: waasi wa LRA wa Joseph Kony walikata watu midomo, masikio na pua kaskazini mwa Uganda. Uharibifu ukiwa mdogo, gegedu la ukuta wa kati au la sikio linatosha. La ukuta wa kati limenyooka lakini ni haba, la sikio ni laini na limejikunja. Pua ikiwa imebomoka kabisa, hakuna budi kwenda mbavuni, ambako gegedu ni tele.

Likishahamia puani, gegedu hilo ni la nani? Ni ubavu uliopotea njia, au sasa ni pua?

Swali hili lina wenyeji wake Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 kitabu chake *La philosophie bantoue* kilichapishwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hoja yake ilikuwa kwamba Mzungu huona kitu kimekaa peke yake na asili yake, hali Mbantu huona nguvu: kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu ya mmoja hukua au hupungua kwa nguvu za wengine. Miaka ya 1950 Tempels aliishi kati ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière kwenye kambi ya Musonoi, Kolwezi. Huko likazaliwa vuguvugu la Jamaa, ambamo waume na wake Wakatoliki walifundishana kwa Kiswahili chao juu ya uzima, uzazi na mapendo. Wao walimwita Baba Placide.

Kwa bahati, gegedu linaelekea kukubaliana zaidi na Baba Placide kuliko na wapinzani wake. Halina mishipa ya damu ndani yake. Seli zake hunywa kile kinachopenya kutoka kwa nyama jirani, na ndiyo maana huvumilia safari: likilazwa kwenye kitanda chenye damu nzuri linaishi, likizungukwa na makovu makavu au usaha linanyauka. Jina la kiungo halilisaidii kitu. Jirani ndiye anayelilisha.

Lakini pia halisahau lilikotoka. Mwaka 1958 watafiti Gibson na Davis walieleza kwa nini ubavu uliochongwa hujipinda: gegedu limebeba mivutano inayoshindana, na kisu kikichukua upande mmoja tu, upande uliobaki hulivuta. Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu huchonga kutoka kiini, kisha hukiacha kipande kwenye maji ya chumvi na kusubiri aone kitaelekea wapi. Nguvu, angesema Tempels. Hapo neno hilo si fumbo hata kidogo.

Mshairi Aimé Césaire hakuvutiwa na Tempels. Alimdhihaki padre huyo: kama Mbantu anatafuta tu heshima ya nguvu yake, mwajiri ana haja gani ya kuongeza mshahara? Kolwezi, mji uliojengwa juu ya shaba, hauwezi kuipuuza dhihaka hiyo, kwa kuwa nguvu inayohama hutoka mahali. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wake wa Kasulo, watu walitoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe. Nyumba ikalishwa na shimo lililo chini ya kitanda.

Mpasuaji naye huchimba ndani ya nyumba ileile anayoikarabati. Tofauti iko katika hesabu ya shimo. Huomba ridhaa, na hujitahidi kuacha sehemu ya utando uliolifunika gegedu. Kabla ya kufunga kifua humimina maji ya chumvi pale alipokata, na mwenzake wa ganzi hujaza mapafu hewa. Povu likitokea, utando wa mapafu umetoboka. Siku za kwanza pua inakuwa imevimba chini ya bandeji, na wageni wote wanaitazama hiyo. Mgonjwa akikohoa, anashika ubavu.