Rispa Juu ya Mwamba



Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, mji wetu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Mara nyingi siku hiyo huangukia ndani ya Kwaresima au karibu nayo, nasi tumeona vema tusome pamoja sura isiyosomwa sana kanisani, yaani 2 Samweli 21. Humo namo mna watu walionyongwa. Lakini mwandishi wa kitabu kile hakukaa sana na wanaume saba waliotundikwa mlimani. Alikaa na mwanamke.

Jina lake ni Rispa binti Aya, aliyekuwa suria wa Mfalme Sauli. Wanawe wawili walikuwamo katika wale saba waliotolewa kulipia damu aliyoimwaga baba yao. Rispa alitandaza gunia mwambani karibu na maiti, akakaa pale tangu shayiri ilipoanza kuvunwa mpaka mvua ikaja, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Habari zikamfikia Daudi, naye akaikusanya mifupa, akaizika kama ilivyostahili. Katika habari hiyo yote hatusomi neno hata moja lililotoka kinywani mwa Rispa.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wengi huliruka. Nyuma kidogo, katika sura ya 3, wakati nyumba ya Sauli na nyumba ya Daudi zinapigana, jemadari Abneri anashitakiwa kwamba amemwingilia Rispa huyu huyu. Ishboshethi mwana wa Sauli anakasirika. Anakasirikia nini? Si maumivu ya mwanamke. Anakasirika kwa sababu kumtwaa suria wa mfalme ni kama kukishika kiti cha mfalme. Wanaume wawili wanagombana juu ya Rispa kama watu wagombeao ng'ombe, wala hakuna anayemwuliza mwenyewe.

Sasa turudi hapa kwetu. Pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, wamelala kaburini zaidi ya watu 60 walionyongwa. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali pale akaomba msamaha kwa ajili ya matendo ya Wajerumani. Tulishukuru. Hata Daudi alichelewa kuikusanya mifupa.

Lakini wake zao walikuwa wapi? Nkomanile twamtaja, kwa kuwa alikuwa kiongozi, akanyongwa pamoja na wanaume. Wanawake wengine hawatajwi. Wajerumani walipoona kwamba bunduki peke yake haitoshi, walichoma mashamba na maghala ya chakula, wakawashika wanawake na watoto wawe mateka ili wanaume wajisalimishe. Wanawake wengine waligawiwa askari kama nyara. Kisha ikaja njaa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa katika vita vile na njaa iliyofuata, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Aliyekwenda porini kuchimba mizizi ili watoto wapate kula hajajengewa mnara.

Pengine mtu atasema, zamani zile hapakuwa na sheria ya vita. Sheria ilikuwapo. Ujerumani ilikuwa imetia sahihi mkataba wa The Hague wa mwaka 1899, ulioamuru kwamba jeshi likitwaa nchi liheshimu familia za watu. Ila mkataba ule uliwahusu wenye kutia sahihi, wao kwa wao. Mngoni hakualikwa The Hague.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mataifa yaliandika upya. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 27, unasema wanawake walindwe hasa wasivunjiwe heshima, na kubakwa kumetajwa humo waziwazi. Twaushukuru mkataba huo. Hata hivyo neno hilo "heshima" latupa mashaka kidogo, maana ndilo lililomsumbua Ishboshethi. Heshima ya nani? Ya ukoo, au ya nyumba ya baba? Mtu akivunjwa mguu hatusemi kwamba amevunjiwa heshima, twasema ameumizwa.

Jibu la swali hilo lilipatikana katika nchi yetu wenyewe, mjini Arusha. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliweka Arusha Mahakama ya Kimataifa ya kuwahukumu wakuu wa mauaji yale. Mmoja wao alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Wanawake wa Kitutsi walikimbilia ofisi yake wakitafuta usalama, wakabakwa palepale penye ofisi. Kesi ilipoanza, mashtaka hayakutaja jambo hilo hata kidogo. Mwezi Januari 1997 mama mmoja, anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi tu, alikuwa akitoa ushahidi juu ya mambo mengine, akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Akaja mwingine akaeleza yaliyompata yeye. Kati ya majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Waliulizwa, wakasikilizwa, na mwezi Juni mashtaka yakabadilishwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimwona mtu na hatia ya mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza ilitamka kwamba kubaka kwaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo, kwa kuwa kulikusudiwa kuliangamiza kabila. Akayesu hakuhukumiwa kwa kubaka kwa mikono yake. Alihukumiwa kwa kuwapo, kuona, na kuwatia moyo waliobaka. Enyi wazee wa kanisa, tulitafakari neno hilo la kuwapo na kuona.

Tusiisifu mahakama ile kupita kiasi. Kwa miaka kadhaa washitakiwa wenye virusi vya UKIMWI walitibiwa gerezani Arusha, huku wanawake walioambukizwa kwa kubakwa wakifa vijijini Rwanda bila dawa. Sheria ilimkamata mkosaji, ikamsahau aliyekosewa. Ndiyo maana Azimio 1325 la Baraza la Usalama, la tarehe 31 Oktoba 2000, lilitaka wanawake wawepo pia mezani wakati wa kupatana na kujenga upya. Na Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania imeiridhia, katika kifungu cha 11 inazitaka serikali za Afrika kuwalinda wanawake wanaokimbia vita.

Jambo hili li karibu nasi kuliko tupendavyo. Ng'ambo ya mto Ruvuma, jimbo la Cabo Delgado liliingia vitani Oktoba 2017, na wanawake na wasichana wengi wametekwa na wapiganaji. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema hadharani kwamba maelfu ya watu waliovuka kuja kwetu walirudishwa, wengi wao wanawake na watoto. Wazee wetu wanakumbuka Muhukuru, ambako mkoa huu uliwapokea waliokimbia vita vya ukombozi vya Msumbiji. Wakati ule hatukuwa matajiri kuliko leo.

Na katika mtaa wetu wenyewe, je, Rispa akija atamkuta nani? Mwanamke aliyepatwa na jambo hili hulisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na kwa kawaida humwambia mama mwenzake wa Umoja wa Mama kabla ya kumwambia padre. Akijibiwa kwamba anyamaze asiiaibishe familia, hatasema tena. Twawaomba akina mama wasimjibu hivyo. Padre naye asimhimize kusamehe kabla hajamaliza kusimulia.

Vilevile mjane anayefukuzwa shambani na ndugu za marehemu, awe wa vita au wa amani, ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inaitangua mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Asiyejua kusoma na aje tumsomee, na siku ya kwenda kwenye baraza la kijiji wazee wawili wa kanisa watafuatana naye.