Ridhaa ya Kasuku

Utotoni niliwahi kumvunja tetere mguu. Tulimnasa kwa ulimbo wa utomvu wa fenesi, tukamfunga mguuni uzi wa mshipi wa urefu wa pima mbili hivi, kisha tukamwachia aruke. Nia yetu haikuwa mbaya: tulitaka aruke, na tulitaka abaki wetu. Akaruka kwa nguvu zake zote, uzi ukafika mwisho, na kiungo chembamba kuliko kijiti cha kiberiti kikabeba uzito wa mbio zote zile. Mlio wake ulikuwa mdogo. Nimesahau majina ya baadhi ya watoto niliokuwa nao siku ile, lakini mlio ule sijausahau.

Tetere yule alinirudia miaka mingi baadaye, nyumbani kwa binti wa ndugu yangu katika mji mmoja wa Uingereza. Nilimkuta ameshika kitu nisichokijua: mikanda myembamba ya kitambaa iliyoshonwa pamoja ikafanya kitanzi cha shingo na vitanzi viwili vya kupitisha mabawa, na nyuma yake kamba inayovutika.

"Hii nguo ya kasuku wangu, ami," akaniambia. "Akiizoea nitampeleka nje akaione mbingu."

Nikaishika nikaigeuzageuza. Aliyeibuni alikuwa amelifikiria jambo ambalo sisi watoto wa ulimbo hatukulifikiria. Mvuto wa kamba haumwangukii ndege mguuni. Hugawanyika kifuani na mgongoni, na kamba yenyewe hunyumbulika ili asikatizwe ghafla. Tena haitakiwi kukazwa sana. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama tulicho nacho wanadamu; hupumua kwa kupanda na kushuka kwa kidari chake, hivyo akibanwa kifua atakosa hewa ijapokuwa pua zake zi wazi. Kwa upande wa mwili, basi, nguo ile haikuwa na ila. Lililonishughulisha ni neno alilolitumia binti yule: akiizoea. Kuizoea ndiko kuikubali? Na kama kasuku anaweza kukubali, sisi tutajuaje kwamba amekubali?

Kasuku mwenyewe ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa jamii inayoishi katika misitu ya Kongo, ikaenea hadi Uganda, magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Huyu hakunaswa, alianguliwa huko huko Uingereza. Wenzake wa msituni walinaswa kwa malaki, hata mkutano wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliokaa Johannesburg mwaka 2016, ukaamua kuzuia biashara ya wale wanaotolewa porini, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017. Wale waliozaliwa matunduni bado wamo matunduni, na aghalabu huishi miaka 40 na zaidi. Kumfungulia dirisha kasuku kama huyu si kumhurumia. Hajui kujitafutia chakula, na baridi ya nchi ile ingemmaliza kabla njaa haijamfikia. Njia alizobakiwa nazo bwana wake ni chache: amweke chumbani maisha, amkate manyoya ya mabawa ili asiweze kuruka, au amvishe mikanda amtoe nje.

Mtu aliyekuwa na kasuku yule kabla ya binti wa ndugu yangu alikuwa ameichagua mikanda, na alikuwa mtu wa haraka. Alimfunika kwa taulo, akamkamata, akamvisha, akafunga kishikizo, akamweka juu ya ngumi. Kasuku akatulia kama aliyechongwa kwa mti. "Mnaona?" akawaambia waliokuwapo. "Kakubali." Jioni ile kasuku akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, moja baada ya moja. Alipofika kwa binti yule kidari chake kilikuwa kipara, na hata mkanda wa mkoba wa mgeni ulimtosha kumkimbiza hadi pembe ya mwisho ya tundu.

Nimeufikiria sana utulivu ule. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa katika machela ya mikanda wakawapiga kwa umeme. Mbwa wengine waliweza kuukata umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wengine walipata umeme ule ule, kwa muda ule ule, lakini walifanyalo lote halikubadilisha kitu. Baada ya hapo wote walitiwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi ambacho mbwa yeyote angeweza kukiruka akaokoka. Wale wa kwanza waliruka. Wengi wa wale wa pili walilala chini wakapokea. Mtu angepita akawaona wamelala, angeweza kusema kwamba hao ndio mbwa wenye adabu.

Majaribio hayo yalikuwa ya ukatili, na siyataji kwa kuyasifu. Nayataja kwa sababu ya jambo waliloliandika wataalamu wale wale karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, walipokiri kwamba fundisho lao la kwanza waliliweka kinyume. Mwanzoni walisema mnyama amejifunza kutojiweza. Uchunguzi wa ubongo ukawaonyesha kwamba kuzubaa mbele ya shida ya muda mrefu hakufunzwi. Ndiyo hali ya asili. Kinachofunzwa ni kule kujua kwamba nina uwezo, kwamba nikifanya hivi jambo hubadilika. Maneno hayo yamenikaa moyoni kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia. Utulivu wa kasuku chini ya taulo haukuwa jibu la swali lolote, kwani hakuna aliyemuuliza.

Wasomaji wa mashairi watamkumbuka hapa kasuku mwingine, yule wa Jalaluddin Rumi katika Mathnawi. Tajiri anakwenda Bara Hindi, anamuuliza kasuku wake amletee nini. Kasuku anamwomba awape salamu wenziwe wa huko na kuwaeleza hali yake. Tajiri anafikisha salamu, na mmoja wa kasuku wale anatetemeka, anaanguka, anakufa. Tajiri anarudi kwa majuto na kusimulia, na kasuku wake naye anatetemeka, anaanguka ndani ya tundu. Anamtoa na kumtupa nje huku akilia. Kasuku anaruka hadi juu ya tawi. Yule wa Bara Hindi hakufa. Alimtumia mwenziwe njia ya kutokea. Masufi wana tafsiri zao za kufa kabla ya kufa, nami siwapingi. Ila mimi hubaki nikimtazama tajiri. Amekaa na ndege wake miaka, amezungumza naye, amempenda, na bado hakuweza kutofautisha mauti na hila.

Binti wa ndugu yangu aliushika mwendo mwingine. Aliitundika mikanda juu ya kiti mbali na tundu, akaiacha hapo siku kadhaa bila ya kuitaja, kama ningeweza kusema hivyo. Kisha akaisogeza. Kasuku akiitazama bila ya kurudi nyuma, hupewa mbegu ya alizeti. Akiigusa kwa mdomo, mbegu nyingine. Baadaye mbegu ikawa inashikwa upande wa pili wa kitanzi kilichopanuliwa, ili kichwa kipite chenyewe kuifuata. Kila alipojivuta, mikanda iliondolewa na siku ile ikaisha hapo. Mlio wa kishikizo ulimtisha, basi mlio huo alifunzwa peke yake, kwa majuma, kishikizo kikiwa mkononi mwa binti na si mwilini mwa ndege. Mambo hayo yote yalichukua miezi saba. Nimeona harusi zilizopangwa kwa pupa kubwa zaidi.

Nilimuuliza kama mbegu ile si hongo. Wasomaji wa Tanzania hawajalisahau neno takrima: sheria ya uchaguzi ilimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovitangua vifungu hivyo mwaka 2006. Kanga, sahani ya pilau, na kura ikitiwa sandukuni kwa mkono wa mpiga kura mwenyewe, bila ya kulazimishwa na mtu. Je, shingo ya kasuku inayoingia kitanzini kuifuata alizeti ni huru kuliko kura ile?

Jibu lake lilikuwa fupi. Akanionyesha bakuli la chakula cha kasuku, limejaa. Hajapata kumnyima chakula ili aitamani mbegu. Akikataa, atakula chakula chake cha jioni kama kawaida na hatapungukiwa na kitu isipokuwa ile anasa. Nikaona kwamba tofauti niliyokuwa nikiitafuta imo ndani ya bakuli lile. Kilichoitia doa takrima ni kwamba sahani ya pilau ilimkuta mtu aliyelala na njaa. Wako wafunzaji wa ndege wanaompunguzia ndege chakula mpaka awe tayari kwa lolote, na kazi yao huenda haraka zaidi. Lakini ndiyo ya namna hiyo imetoka tumboni, na tumbo halina ridhaa.

Wafuga kozi wa Ghuba, ambao ufundi wao uliingizwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa binadamu, wanalijua jambo hili kwa undani. Kozi hupimwa uzito, kwani aliyeshiba sana hana haja ya kumrudia mtu. Huvishwa burka ya ngozi machoni na kanda miguuni. Juu ya hayo yote, kuna kitu alicho nacho kozi asichokuwa nacho kasuku wa mikanda: ikifika saa ya kuwinda hufunguliwa. Anga yote ni yake, na wako wanaokwenda wasirudi. Anaporudi yule anayerudi, angalau alikuwa na pa kwenda.

Katika dini yetu swali la kumfuga ndege si geni. Mtume alimliwaza mtoto Abu Umayr kwa ajili ya ndege wake mdogo, na Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii, akaitungia hadithi hiyo moja kitabu kizima cha faida 60, mojawapo ikiwa kwamba yafaa mtoto kuchezea ndege bila ya kumtesa. Na mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Wako waliofahamu kwamba laiti angemlisha asingelaumiwa. Hapo uhalali umekwisha kuelezwa na waliostahiki kuueleza. Mimi nauliza kilicho nyuma ya uhalali, na hata hapo mafakihi wametutangulia, kwa kuwa waliipokea hadithi ya Mtume kwamba kunyamaza kwa mwanamwari ni idhini yake, kisha wakajadili itakuwaje akinyamaza huku analia. Walijua kwamba kimya kina rangi nyingi.

Washairi wetu, kwa upande wao, wamemwimba sana ndege wa tunduni. Ndege ni mpenzi, tundu ni nyumba, na ndege akiruka huja ubeti baada ya ubeti wa majonzi, kwa vina na mizani kamili. Nimeona jambo moja katika tungo hizo: mwenye kulia ni mwenye tundu. Ni nadra ndege kupewa hata kibwagizo.

Yuko, hata hivyo, kasuku mmoja aliyepewa neno. Mtaalamu Irene Pepperberg alimnunua Alex katika duka la wanyama huko Chicago mwaka 1977, akafanya naye utafiti hadi kasuku huyo alipokufa mwaka 2007. Dunia ilimstaajabia kwa kutaja rangi na kuhesabu. Kwangu mimi, linalopita hayo ni kwamba alijifunza kusema hapana, na alichoka akaomba arudishwe mahali pake, na neno lake likatendewa kazi. Alikuwa katika maabara, ndani ya kuta, hakuchagua kuwapo. Lakini ndani ya kuta hizo lilikuwapo neno moja lililoweza kumsimamisha binadamu.

Na hapa ndipo ninapomuunga mkono binti wa ndugu yangu, ingawa si kwa jambo lote. Miezi saba ya subira haifuti ukweli kwamba kasuku yule hakuchagua kuanguliwa katika nchi ya baridi, wala kununuliwa mara mbili. Ridhaa yake ni ridhaa ya ndani ya tundu, na hatuna haki ya kuiita uhuru. Ila ninapotaka kupima kama ni ridhaa kweli, siitazami tena siku aliyoingiza shingo kitanzini. Nazitazama zile siku alizokataa.

Moja ya siku hizo nilikuwapo. Ilikuwa Jumapili, na jua la kweli limetoka, jambo adimu huko. Kasuku alikuwa amekwisha kutoka nje mara nne au tano, akakaa begani kwa binti akiyatazama mawingu, na manyoya ya kidari yalikuwa yameanza kurudi. Watoto walivaa viatu, mimi nikavaa koti na kofia, mkeka na chupa ya chai vikawa mlangoni. Binti akamnyooshea kitanzi kama kawaida, mbegu upande wa pili. Kasuku akaitazama mbegu, akamtazama yeye, akageuza kichwa akakificha nyuma ya bega. Binti akangoja kidogo, akanyoosha tena. Kasuku akapiga hatua mbili juu ya kijiti, kwa kwenda mbali.

"Leo hataki," akasema, akaitundika mikanda msumarini.

Mtoto mdogo akalia. Mimi, nakiri, nilikuwa na neno ulimini, kwamba lingekuwa jambo la dakika moja tu kumfunika kwa taulo na sote tungekuwa njiani. Sikulisema. Nikavua kofia, tukautandika mkeka sebuleni, chini ya tundu.