Nyumba ya halali, lakini ya bei gani?

Kwa miaka mingi swali kubwa la Waislamu wa mijini kuhusu nyumba lilikuwa moja tu: nitaipataje bila riba? Lilikuwa swali la haki kabisa. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipopitishwa mwaka 2008, na ilipoundwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu, ndugu zetu wengi walibaki pembeni wakitazama, kwa sababu mlango uliokuwa ukifunguliwa ulikuwa ni wa riba. Alhamdulillah, mambo yalibadilika. Benki ya NBC ilianzisha huduma ya La Riba mwaka 2010, Benki ya Amana ikafungua milango yake mwaka 2011, na mwaka 2021 CRDB nayo ikaja na Al Barakah. Leo Muislamu akitoka Sala ya Ijumaa, iwe Miyomboni kule Iringa au Sokomatola hapa Mbeya, akauliza kama ipo njia ya kununua nyumba bila kula wala kulisha riba, hatakosa wa kumjibu.

Ndugu msomaji, ninachotaka tukitazame ni kile kinachobaki baada ya jibu hilo kupatikana. Nimeona watu wakishaambiwa njia ni halali wanafunga mjadala, kana kwamba sheria ya Mwenyezi Mungu (s.w.) haina neno juu ya kiasi. Mkate ni halali, lakini mtu akinunua mikate kumi na watoto wa ndugu yake hawajala tangu jana, je, tumsifu kwa kuwa mikate ile haina nguruwe?

Nichukue mfano wa kijana mmoja ninayemfahamu, mtumishi wa serikali hapa Mbeya, ambaye mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi milioni 1.7 kwa mwezi. Amejibana mpaka akapata akiba ya milioni 40. Dalali akamwonesha nyumba mbili. Ya kwanza iko Uyole, vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati la kawaida, bei milioni 42 na inajadilika. Ya pili iko Forest Mpya, ina uzio, geti, marumaru mpaka barazani, bei milioni 95. Moyo ukaenda Forest. Akaniambia, "Mzee wangu, benki imenipigia hesabu, imesema naweza."

Hebu na sisi tupige hesabu. Pengo ni milioni 55. Tuchukue benki ya kawaida, riba asilimia 15 kwa mwaka, muda miaka 15. Kila mwezi atalipa kama shilingi 770,000, na mpaka amalize atakuwa ametoa karibu milioni 138.5. Ongeza milioni 40 zake za mwanzo, nyumba ya milioni 95 imemgharimu zaidi ya milioni 178. Hapo ndipo wengi wetu hushangilia na kusema, mnaona ubaya wa riba! Ni kweli, ubaya wake tunauona. Lakini kwenye murabaha benki inainunua nyumba kisha inakuuzia kwa bei ya juu zaidi mliyokubaliana tangu mwanzo, na bei hiyo hailazimiki kuwa ndogo kuliko jumla ya benki ya jirani. Tofauti kati ya biashara na riba ni kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, na wala sitaki mtu aione ndogo kwa sababu ya maneno yangu. Hata hivyo mfuko wa yule kijana hauijui tofauti hiyo. Unachojua ni kwamba kila tarehe ya mshahara zinatoka laki saba na ushee, kwa miaka kumi na tano.

Sasa, benki ilipomwambia "unaweza" ilitazama nini? Ilitazama hati ya mshahara, ikaona kwamba akishakatwa atabakiwa na laki tisa hivi, zaidi ya theluthi ambayo mtumishi anatakiwa abakiwe nayo. Haikumwona mama yake aliyeko Kihesa, Iringa, ambaye dawa za presha hununuliwa na mtoto huyu huyu. Haikumwona mdogo wake anayesomeshwa naye chuoni, wala shangazi ambaye kila Ramadhani hutumiwa futari. Na siilaumu benki, hao si wateja wake. Ila yeye anawajua kwa majina. Wana haki katika mali yake kabla muuzaji wa Forest hajawa na haki yoyote. Kauli kwamba "naweza" maana yake halisi ilikuwa kwamba anaweza iwapo hao watapunguziwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Wapo watakaosema kwamba ninawataka Waislamu waendelee kuishi kwenye vibanda huku wenzao wakijenga. La hasha! Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba nyumba yenye nafasi ni miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Anayelala na mkewe na watoto watano katika chumba kimoja cha kupanga pale Mabatini hahitaji kuhutubiwa kuhusu zuhdi. Kwa upande wa pili Bukhari amepokea kwamba Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alisema Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa isipokuwa kile anachokiweka katika udongo huu. Watu huinukuu kauli hiyo kupinga majumba, na aghalabu husahau kutaja kwamba Khabbab aliisema akiwa anajenga ukuta wake mwenyewe! Sahaba yule hakuacha kujenga. Alijenga huku akijua kwamba ukuta ule si sadaka, ni haja tu, na haja ina mwisho wake.

Mwisho huo uko wapi? Mafakihi wetu hawakuliacha swali hilo likielea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu huku, nyumba anayoishi mtu haimlazimu kuiuza ili aende Hijja. Lakini wakaongeza sharti: ikiwa ni nyumba ya thamani kubwa isiyolingana na hali yake, na akiiuza anapata nyingine inayomfaa na ziada inamtosha kwenda Hijja, basi Hijja imeshamwajibikia. Yaani ile ziada iliyozama ukutani wanaihesabu kuwa ni fedha, sawa na iliyoko mfukoni. Na kwa mtu aliyefilisika wakawa wakali zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba kauli yenye nguvu ni kuwa hata nyumba anayoishi huuzwa ili wadai wapate haki yao. Mahanbali wana nafuu hapo, wao humwachia nyumba anayoihitaji. Lakini kwetu sisi Mashafi nyumba si pango la kujifichia madeni.

Naijua hoja nyingine, na ina nguvu kidogo: kwamba nyumba ni mtaji. Iringa tuliiona. Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa kilipoanza mwaka 2005, na vyuo vingine vikikua, mwenye vyumba vya uani alipata wanafunzi wa kupangisha. Hapa Mbeya nako, tangu MUST kilipopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, wa Iyunga wanajua ninachosema. Basi kama ni biashara, ihesabiwe kibiashara: kodi kiasi gani, matengenezo kiasi gani, chumba kikikaa kitupu wakati wa likizo inakuwaje. Aghalabu anayesema "ni mtaji" amenunua nyumba ya kuishi yeye, yenye geti na sebule mbili, na hana nia ya kumpangisha mtu yeyote. Huo ni mtaji wa namna gani, ambao kazi yake ni kudekiwa?

(Kuna pia wanaolipa zaidi ili wawe karibu na msikiti. Nia njema. Lakini Banu Salima walipotaka kuhamia jirani na msikiti wa Mtume (s.a.w.), aliwaambia wabaki kwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Wa Uyole asijione amepungukiwa.)

Jambo linalonisumbua zaidi ni mirathi, na hili wanunuzi wengi hawalifikirii kabisa. Tuseme yule kijana amelipa deni lote, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua. Ameacha mke, mama, mtoto wa kiume na wa kike, na mali yake yote ni nyumba ya Forest, kwa sababu miaka kumi na tano hakuweza kuweka kitu kingine. Mke ana thumuni, ambayo kwa milioni 95 ni kama milioni 11.9. Mama ana sudusi, kama milioni 15.8. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Thumuni ya nyumba ni chumba kipi? Ni sebule au ni geti? Bibi wa Kihesa ana milioni kumi na tano ndani ya kuta za Mbeya na hana fedha ya dawa. Ama warithi wavumiliane, ama nyumba iuzwe na mjane aanze kupanga. Ndugu hugombana kwenye nyumba za namna hii kwa sababu mali nzima ni kitu kimoja kisichokatika, na si lazima wawe watu wabaya. Angechukua ya Uyole, kisha miaka ile akaweka kidogo kidogo, akapata kiwanja na akiba, kila mrithi angeweza kushika chake na mjane angebaki na paa.

Na huyo mke, je, aliulizwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Kwa hiyo sahihi yake itatafutwa. Itatafutwa siku ya mwisho, karatasi zikiwa tayari, aambiwe "weka hapa". Kushauriana kunakotakiwa ni kule kwa mwanzo, kabla dalali hajalipwa, mke akiambiwa wazi kwamba laki saba zinaondoka na nini kitapungua jikoni.

Nilimshauri kijana jambo moja jepesi: kwa miezi sita atenge ile laki saba na sabini kila mwezi, asiiguse, na wakati huo huo asipunguze hata shilingi ya mama, ya mdogo wake, wala ya futari. Ikiwezekana, aende Forest kwa amani. Isipowezekana, bei yake ameshaijua bila kuuliza benki.

Nikumbushe na upande ambao hautajwi. Kiasi kinaweza kuwa kidogo mno pia. Katika miji yetu nyumba nyingi za bei poa ni za warithi wanaotaka kugawana haraka, au za mwenye mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili. Mnunuzi anaijua shida hiyo, anasubiri, bei inashuka kila wiki, kisha anasimulia barazani kwamba Mwenyezi Mungu amemfungulia. Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirham 300. Alipomwona farasi alimwendea mwenyewe, akamwambia farasi wako ana thamani zaidi, akaendelea kumpandishia bei mpaka ikazidi maradufu. Kwa hiyo ukiikuta nyumba ya mayatima inauzwa milioni 30 na unajua jirani yake iliuzwa 45, kiasi cha kutoa si kile walichokitaja. Dalali atakucheka, mwache acheke.