Paka wa Saba

Wako watu wema mijini mwetu waliotenga chumba au banda la uani kwa ajili ya paka wasio na wenyewe. Kazi hiyo huanza kwa paka wawili watatu wa sokoni, na mwaka haujesha wamekuwa 30, kwa maana ni nani atakayekifukuza kitoto cha paka kilichoachwa mlangoni ndani ya kikapu? Sisi tulio nje twausifu moyo huo. Lakini yafaa tujiulize: ampokeaye paka asiye na nafasi yake, amemtendea mema nani?

Paka si mbuzi, aendaye kwa kundi. Huwinda peke yake, na akiogopa hutafuta kwanza pa kujificha. Akikosa mahali hapo hujikunja pembeni, hali, nasi twasema ametulia. La hasha, ameshikwa na hofu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walitoa habari za paka 19 waliofika karibuni katika kituo cha wanyama: 10 walipewa sanduku la kujifichia, 9 hawakupewa. Wenye masanduku walipata utulivu upesi kuliko wenzao. Boksi tupu la dukani, lililotobolewa tundu, bei yake ni kuomba tu!

Tena paka hupenda rafu ya juu, na mchanga wa choo uwe mbali na chakula (nani kati yetu angekula chooni?). Nafasi ndiyo ngumu. Mwongozo wa madaktari wa wanyama wa vituo hivyo huko Marekani, wa mwaka 2010, ulitaka angalau futi za mraba 18 kwa kila paka mkubwa akaaye pamoja na wengine. Basi chumba cha futi 10 kwa 12 chatosha paka 6.

Na liko jambo la maradhi. Upo ugonjwa wa virusi wenye kuwatapisha na kuwaharisha paka, nao huua watoto wao upesi. Chanjo ipo, lakini virusi hivyo vyaweza kudumu sakafuni hata mwaka, wala sabuni ya kawaida haiviui. Kwa hiyo mgeni hutengwa kama wiki mbili, na bakuli lake, naye huhudumiwa mwisho baada ya wenye afya. Penye chumba kimoja kilichojaa atatengwa wapi? Mgeni aliyepokelewa kwa machozi aweza kuwaangamiza wenyeji.

Mama mmoja mwenye banda la namna hii alitujibu, "Sasa nimwache afe njiani?" Hatukuwa na jibu jepesi. Yule wa mlangoni analia na tunamsikia. Waliomo ndani wananyamaza. Hata hivyo twaona kwamba kumpokea mnyama ni kumwahidi, na ahadi kwa wale sita haivunjwi kwa sababu wa saba ana sauti. Huyo wa saba naye asiachwe hivi hivi: alishwe palepale alipo, ahasiwe, atafutiwe nyumba. Nyumba hizo ni zetu, wala mama yule hawezi kuzifungua.

Sasa ameandika mlangoni kwa chaki: NAFASI 6. Juma lililopita vikapu viwili vilikutwa asubuhi chini ya maandishi hayo, na kimoja tulikitambua.