Haya na saa 72

Dawa ya kuzuia VVU baada ya kubakwa haimsubiri mtu amalize kuona haya. Ni lazima ianze kumezwa kabla saa 72 hazijapita, kisha iendelee kwa siku 28. Kwa mama wa Shabunda, huko ndani ya msitu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, saa hizo huliwa na njia. Lakini hata Walungu, si mbali na Bukavu, kuna kitu kingine kinachozila: mume atasema nini, mama mkwe atanitazamaje, Jumapili kanisani watanong'ona nini?

Wanaoleta miradi ya ukimwi vijijini mara nyingi huiona haya hiyo kuwa adui. Huja na mabango na maboksi ya kondomu. Padri ananuna, wazee wanakohoa, mkutano unavunjika. Nadhani wamekosa shabaha. Haya imelea watoto wengi wa milima hii, na sioni faida ya kuing'oa. Ubaya uko mahali tulipoiweka: ugonjwa tunauficha, jina la mgonjwa tunalitangaza kisimani. Tungegeuza, je?

Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, iko chini ya CEPAC, kanisa la Kipentekoste. Hakuna wa kuwaambia waumini hao kwamba wameacha maadili. Hospitalini humo matibabu, ushauri nasaha, mwanasheria na msaada wa kujikimu vimewekwa pamoja, ili aliyeumizwa asitangetange na habari yake mlango kwa mlango. Hiyo nayo ni haya, ila imevaa koti jeupe.

Ndiyo maana napenda zaidi kipimo cha VVU kinachofanywa siku ya kliniki ya wajawazito. Benchi ni moja, foleni ni moja. Wote wanapimwa presha, wote wanatolewa damu, na jirani hapati la kuokota. Wababa, bahati mbaya, hawakai kwenye benchi hilo, na wapo wake wanaomeza vidonge vya VVU kwa kujificha ndani ya nyumba zao wenyewe.

Makanisa nayo yana nguvu yake: mengi huwataka wachumba wapime kabla ya ndoa. Vizuri. Lakini karatasi ya majibu ikifika mezani kwa mchungaji kabla wachumba hawajaiona, nani kesho atathubutu kwenda kupima?