Usaliti wa Asiyejimiliki

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ipo filamu ya Marekani iliyoutia usemi huo mizanini: The Panic in Needle Park ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Jerry Schatzberg. Wengi wamjuao Al Pacino walimjulia The Godfather ya 1972. Hii iliyoitangulia wameiona wachache, ingawa Kitty Winn aliyecheza naye alitunukiwa kwayo tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes.

Filamu haikutiwa muziki. Husikika magari na sauti za watu wa Sherman Square, New York, ambako Bobby na Helen wanapendana na kujidunga heroini. Unga unapoadimika, kila mraibu humgeuka mwenziwe, na mpelelezi wa polisi, alijuaye hilo, hungoja. Ndipo Helen, akikabiliwa na jela, anapokubali kumtoa Bobby.

Je, huo ni usaliti? Usaliti hutaka hiari, na hiari ya Helen imo mikononi mwa unga. Lakini anayesema kuwa hana hiari kabisa naye humdhulumu, kwani humfanya chombo, na chombo hakitubu wala hakisamehewi.

Pengine jibu limo katika safari ya feri. Wawili hao wanarudi na mtoto wa mbwa waliyemnunua. Bobby anataka wajidunge chooni. Mbwa anatolewa nje, anaanguka baharini. Hakuna aliyekusudia kumwua, lakini amekufa kwa sababu ya kilichotendwa nyuma ya mlango ule. Makosa ya mraibu aghalabu ni ya namna hiyo: hayakukusudiwa, ila yana mwenyewe. Kumlaumu kwa siku ya usaliti pekee ni kuisahau milango yote iliyokwisha kufungwa kabla yake.

Mwishoni Bobby anatoka gerezani na kumkuta Helen akimngoja. Hasira yake haifiki mbali, wanaondoka pamoja. Ni msamaha huo, au ni kukosa pengine pa kwenda? Filamu haisemi.

Katika mwambao huu, ambako unga umeingia majumbani, swali hilo si geni. Mama huibiwa hata kanga zake, na usiku bisha hodi ya mwanawe ikisikika, hunyanyuka akafungua. Hafungui kwa kuwa ameiamini ahadi. Hufungua kwa kuwa aliyeko nje ni mtu bado, na mtu hudaiwa, hulaumiwa, na hungojewa.