Drafti, Glasi na Neno "Tumekubaliana"



Ukipita stendi ya Korogwe au vijiwe vya bodaboda Handeni mjini, hukosi kukuta drafti. Ubao wa miraba 64, kila mmoja kete 12, na kete zenyewe ni vizibo vya soda: huyu kavilaza, yule kavigeuza. Mchezo safi kabisa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo wa kiasi ndio pumziko lake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa kucheza ni dhambi.

Ila kuna wanaoongeza sheria: kete yako ikiliwa, unapiga funda. Ukifungwa, unamaliza glasi. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Kwani tatizo liko wapi? Hakuna aliyelazimishwa, tumekubaliana."

Hoja hii tusiidharau. Kanisa halijaharamisha pombe, na Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana. Hiari nayo ina uzito wake. Lakini tazama vizuri. Mtu anayekunywa kwa kawaida anabaki na swali lake: niendelee, au inatosha? Swali hilo ndilo mlango wa fadhila ya kiasi. Sheria ya glasi inamnyang'anya swali hilo. Sasa inayoamua ni kete, dhamiri imewekwa pembeni. Na saa ile anapohitaji kusema "basi", akili ya kusema basi ndiyo imeshalewa. Amekubali akiwa mzima, lakini atakayelipa ni yeye yule akiwa hawezi tena kukataa.

Halafu uone mchezo wenyewe unavyoharibika. Drafti ni akili. Aliyeliwa anakunywa, akinywa haoni njia, asipoona njia analiwa tena. Tunamwadhibu anayeshindwa kwa kumpunguzia kitu kilekile anachohitaji ili ashinde. Hapo hatuchezi naye tena, tunamchezea.

Na kuna mtu ambaye hakukaa kwenye ule ubao: mama mwenye mtoto mgongoni, anayesubiri bodaboda arudi kijijini jioni. Yeye alikubaliana na nani? Katekisimu namba 2290 inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi ana hatia kubwa.

Sasa tufanyeje? Usikikimbie kijiwe. Kaa, cheza, fungwa, cheka. Sheria ya zamani inatosha: aliyefungwa anampisha mwingine. Akitokea wa kuleta ile ya glasi, sema mapema, kabla hata kete hazijapangwa: "Mimi nacheza, ila funda langu naamua mwenyewe." Atakayekucheka leo, huenda kesho akashukuru kwamba kuna mmoja aliyefungua njia.

Mtakatifu Yohane Bosco, uliyependa michezo ya vijana, utuombee.